Pinboli ya Mtumba Hununuliwa Tumboni

Chini ya ubao wa kuchezea wa kila mashine ya pinboli kuna koili. Ni kitu cha kujaa kiganja tu: bomba dogo la plastiki lililozungushiwa waya wa shaba mamia ya mara, na juu yake karatasi yenye namba. Umeme ukipita, koili huvuta kijiti cha chuma kwa nguvu ya ghafla, na kijiti hicho ndicho kinachoinua kipigio na kuirusha gololi mpaka juu kabisa. Mashine moja huwa na koili kumi au kumi na tano, nyingine hupita ishirini. Mtu anayetafuta pinboli yake ya kwanza ya mtumba ili aiweke nyumbani kwa kawaida huvutwa na taa na michoro. Afadhali angeanza na koili.

Kwa mtu wa Kilwa vitu hivi haviko mbali. Kilwa hii si ile ya pwani ya Tanzania yenye magofu na msikiti wa kale. Ni mji wa wavuvi kwenye ufuko wa ziwa Moero, mkoani Haut-Katanga, kilomita 350 hivi kaskazini mwa Lubumbashi, na ng'ambo yake ni Nchelenge ya Zambia. Mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka mjini upo mgodi wa Dikulushi, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Madini yake ni shaba na fedha, na kwa miaka kadhaa yalivushwa ziwani kwa tishari hadi upande wa Zambia. Pinboli ya zamani nayo, ukiacha mbao na kioo, kazi yake hufanywa na metali hizo hizo mbili. Shaba ni waya wa koili. Fedha ni vile vitone vidogo kwenye ncha za swichi, vinavyogusana na kuachana maelfu ya mara kila jioni ya mchezo. Shaba ikiungua au fedha ikichafuka, mashine inakaa kimya.

Wasemao Kifaransa huiita flipa, kwa jina la vile vipigio viwili vya chini. Lakini pinboli za kwanza hazikuwa na vipigio kabisa. Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago alitoa Baffle Ball, kisanduku cha kuweka juu ya meza ya baa, na akauza zaidi ya 50,000. Mchezaji alisukuma gololi kwa springi, kisha akabaki kuitazama ikiteremka kati ya misumari na kutumbukia popote ilipotaka. Ilikuwa bahati tupu, na palipo na bahati tupu watu huweka dau. Ndiyo maana New York ilizipiga marufuku mwaka 1942, na meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akizivunja kwa nyundo kubwa. Vipigio vya umeme vilikuja mwaka 1947, kwenye mashine ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty, na kuanzia hapo mkono wa mchezaji ukawa na neno. New York yenyewe ilingoja hadi 1976 kuondoa marufuku. Mwaka huo mwandishi Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani, akawaambia mapema gololi itapita wapi, na ikapita hapo hapo.

Historia hiyo ina maana hata leo kwa anayeleta mashine Kongo, kwa sababu mtu asiyeijua pinboli anapoona sanduku lenye tundu la sarafu hufikiri ni kamari. Kwenye orodha ya forodha ya kimataifa ipo chini ya kichwa 9504, pamoja na meza za biliadi na michezo mingine, na kifungu chake ni cha michezo inayoendeshwa kwa sarafu. Ni vizuri karatasi za mzigo ziandikwe wazi kwamba hiki ni chombo cha burudani, wala hakitoi pesa. Ikifika nyumbani, sarafu hazihitajiki tena: za zamani hurekebishwa kwa swichi moja au waya mmoja, za baadaye kwa kubonyeza vitufe vilivyo nyuma ya mlango wa sarafu, na watoto wanacheza bure.

Sokoni kuna koo mbili za mashine, na mnunuzi akikosea ukoo, mengine yote yatamsumbua.

Ukoo wa kwanza ni wa zile zilizotengenezwa kabla ya 1977. Hazina kompyuta. Pointi huhesabiwa kwa magurudumu yenye tarakimu, na kila uamuzi hufanywa na rilei, yaani koili ndogo inayovuta bati lenye swichi. Ukifungua sanduku unaona msitu wa nyaya zilizovikwa kitambaa cha rangi rangi, na katikati mota ndogo inayozunguka pointi nyingi zinapoingia kwa mpigo. Zinatisha kwa macho, lakini hazifichi kitu. Swichi isiyogusa inaonekana. Rilei iliyokwama inasogezwa kwa kidole, umeme ukiwa umezimwa. Ukoo wa pili ni wa elektroniki, ulioanza kwa wingi mwaka 1977 na kufikia kilele miaka ya 1990: kadi za saketi kichwani, spika zinazoongea, muziki, gololi tatu au nne kwa mpigo. Mashine iliyouzwa kuliko zote katika ukoo huu ni The Addams Family ya mwaka 1992, iliyobuniwa na Pat Lawlor kwa jina la Bally; zilitengenezwa 20,270.

Bei za koo hizi haziko karibu. Ulaya na Marekani, ya ukoo wa kwanza iliyo hai lakini yenye makovu hupatikana kwa dola 1,000 au pungufu. Zile maarufu za miaka ya 1990 ni maelfu mengi ya dola, na mpya kutoka kiwandani kwa Stern, ya daraja la chini, ni karibu dola 7,000 kabla ya kuisafirisha. Kwa mnunuzi wa kwanza anayeishi Katanga, makala hii inasimama na ukoo wa kwanza, na sababu si bei peke yake. Lubumbashi ni mji wa viwanda. Wapo mafundi wanaosuka upya mota zilizoungua, wanaohesabu mizunguko ya waya na kupima unene wake bila kubahatisha, na koili ya pinboli kwa fundi wa namna hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kadi ya saketi ya mwaka 1980 ikifa inataka chipu ambazo nyingine hazitengenezwi tena. Mashine za kwanza za elektroniki za Gottlieb, kwa mfano, zilitumia chipu za Rockwell ambazo kiwanda kiliacha kuzitoa zamani sana, na dawa ya kawaida ni kununua kadi nzima mpya kutoka nje. Zipo pia mashine za Ulaya yenyewe, kama Zaccaria ya Bologna au Recel ya Uhispania. Hizo huuzwa rahisi, ila vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi.

Mnunuzi akishapata mashine ya kuitazama, au ndugu yake aliyeko Brussels akienda kumtazamia, jambo la kwanza ni kuomba kioo kitolewe na ubao uinuliwe. Ubao wa pinboli umetengenezwa ili uinuke kama boneti ya gari, na ndani kuna kijiti cha kuushikilia. Muuzaji anayekataa kuuinua amekwisha kusema anachojua.

Hapo chini ndipo penye kazi ya kweli, na inafaa ifanywe taratibu, kwa tochi. Karatasi ya koili iliyogeuka kahawia au nyeusi ina maana kwamba koili imewahi kushika moto. Koili ya kipigio ina nyaya mbili: mnene wa kutoa nguvu ya kuanzia, na mwembamba mrefu wa kushikilia kipigio kikiwa juu. Kipigio kikifika mwisho wa safari yake husukuma swichi ndogo ambayo huukata mkondo mkubwa na kuuacha mdogo tu. Swichi hiyo ina ukubwa wa kucha. Ikiacha kufunguka, mkondo mkubwa unaendelea kupita muda wote mtoto alioshikilia kitufe, na baada ya sekunde chache harufu ya rangi ya waya inajaa chumba. Kwa hiyo mnunuzi hubonyeza kitufe, anashikilia, anatazama kama ile swichi inafunguka kwa upana wa uzi mnene, na anarudia upande wa pili. Ikiwa haifunguki, si lazima aikimbie mashine. Swichi hurekebishwa kwa kupinda bati lake kidogo. Ila bei ishuke.

Kisha fyuzi. Katika sanduku la mashine za zamani, mara nyingi kwenye kibao karibu na transfoma, fyuzi husimama kwa safu na kila moja imeandikiwa ukubwa wake. Mahali hapa husimulia tabia ya wamiliki wote waliopita. Fyuzi iliyofungwa karatasi ya pakiti ya sigara, au iliyorukwa kwa uzi wa waya, maana yake kuna hitilafu ambayo mtu aliona shida kuitafuta, akaamua kuinyamazisha. Fyuzi iliwekwa iungue ili koili isiungue. Ikinyamazishwa, kinachofuata kuungua ni koili, na baada ya koili ni transfoma, ambayo ndiyo nzito kuliko vyote na ghali kuisafirisha.

Kwa aliyekwisha kupenda mashine ya elektroniki, tochi ielekezwe kichwani. Nyingi huhifadhi kumbukumbu kwa betri: za miaka ya 1990 hutumia betri tatu ndogo za tochi, na Bally za mwishoni mwa miaka ya 1970 zilichomelewa betri moja kwa moja kwenye kadi. Betri iliyosahaulika huvuja, na maji yake hupanda juu ya njia za shaba za kadi na kuzila. Dalili ni unga wa kijani au buluu, kama kutu ya sufuria ya shaba. Unga kidogo kwenye kishikio cha betri husafishika. Ukiwa umefika kwenye soketi za chipu, kadi hiyo ihesabiwe kuwa haipo. Pia vichwa vya nyaya vilivyobadilika rangi kuwa kahawia ni ushahidi wa joto: mkondo wa taa ulipita hapo miaka na miaka kwenye pini zilizolegea.

Sura ya mashine ina pointi mbili tu zisizorekebishika kwa urahisi. Kioo cha kichwani kwenye mashine za zamani kimechorwa kwa rangi upande wa nyuma, na rangi ikianza kubanduka hakuna kuirudisha. Kukiosha kwa maji ni kuimaliza. Na ubao wenyewe, mahali gololi inapopita kila mara, hulika mpaka mbao ikaonekana. Kidole kikipitishwa juu yake husoma kuliko jicho. Miguu yenye kutu, raba zilizokauka, taa zilizoungua, hivyo vyote ni vitu vya kununua na kuweka.

Sasa umeme. Mashine za Chicago zilizaliwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Kongo hutumia volti 220, karibu sawa na Ubelgiji, na mizunguko 50. Ndiyo maana mashine iliyoishi Ulaya ni salama zaidi kwa Mkatanga kuliko iliyotoka moja kwa moja Marekani: transfoma yake imekwisha kuungwa kwa volti za huku. Nyingi zina matawi kadhaa kwenye transfoma, na fundi huhamisha waya kutoka tawi moja kwenda jingine. Mizunguko haihamishiki. Ile mota ya kuhesabia pointi, ikiwa ni ya mizunguko 60, kwenye umeme wa Kongo huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita. Mashine inacheza, ila inahesabu kama mtu aliyetoka usingizini, na transfoma inapata joto kuliko ilivyokusudiwa.

Yeyote anayeishi na umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, anajua taa zinavyofifia saa za jioni. Pinboli za miaka ya 1990 zina ugonjwa unaofanana na hali hiyo kabisa: mchezaji anabonyeza vipigio vyote viwili kwa pamoja, koili zinavuta mkondo mkubwa, volti 5 za kompyuta zinashuka, na mashine inajizima na kuwaka upya katikati ya mchezo. Watu hubadilisha kadi nzima kumbe kosa ni la ukuta. Kabla ya kumwita fundi, multimita iingizwe kwenye soketi saa ile ile ya jioni. Stabilaiza nzuri huponya mengi, na transfoma ya mashine yenyewe mara nyingi ina tawi la umeme dhaifu, lililowekwa kiwandani kwa ajili ya hali hiyo.

Mbali na nyaya za SNEL, kama ilivyo kwa wengi wa pande za ziwa, kazi inafanywa na jenereta au jua. Mashine nyingi za miaka ya 1990 hula wati 300 hivi zinapochezwa, na hilo ni jambo la kuwezekana kwa betri kubwa na inveta. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei nafuu, zinazotoa wimbi la ngazi ngazi, hufanya transfoma ingurume na kuchemka. Akiba kubwa iko kwenye taa. Balbu ya kawaida ya pinboli za zamani, namba 44, hula robo ya ampea kwa volti 6.3, na mashine inaweza kuwa nazo makumi. Balbu namba 47 inaingia tundu lile lile na kula ampea 0.15. Za LED hula hata pungufu ya hapo, na vichwa vya nyaya vinapoa.

Njia ya kuifikisha si ngeni kwa familia zenye watu Ulaya. Kontena hutoka Antwerp, hushuka Dar es Salaam, hupita Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, kisha Lubumbashi, na DGDA, yaani forodha, na OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, wanalitazama njiani. Kinachotofautisha pinboli na friji au godoro ni namna ya kuifunga. Gololi zitolewe kwanza. Gololi moja ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80, na ikiachwa ndani ya sanduku hupiga nyundo kila kilomita. Halafu kichwa kilazwe au kitenganishwe, bolti zake zitiwe kwenye mfuko na mfuko ufungwe ndani ya mashine, na miguu minne ifunguliwe. Kinachobaki ni sanduku la kilo mia moja na kitu, ambalo wanaume wawili au watatu hulibeba na kulisimamisha kwa mgongo. Kutoka Lubumbashi kupitia Kasenga hadi Kilwa, wakati wa mvua, barabara ndiyo mtihani mkubwa kuliko bahari yote iliyopita, na mwenye subira hungoja kiangazi. Funguo zisafiri mfukoni mwa mtu.

Nyumbani, maadui ni watatu. Mchwa wa Katanga hawachagui mbao, na sanduku la plaiwudi ni chakula. Lakini pinboli husimama kwa miguu ya chuma, na kopo lenye mafuta machafu chini ya kila mguu hukata njia yao. Vumbi jekundu la kiangazi likiingia chini ya kioo hugeuka msasa, kwa sababu gololi hulisaga juu ya rangi siku nzima. Na unyevu wa ziwa huleta kutu kwenye gololi zenyewe. Gololi iliyopoteza mng'ao itolewe siku hiyo hiyo. Bei yake ni ndogo kuliko kopo la rangi. Ubao hupakwa nta ngumu ya karnauba, kitambaa kikavu, mara moja kila baada ya michezo mia mbili tatu. Mafuta ya kupuliza, yale ambayo mafundi wetu huyatumia kwa bawaba, kufuli na baiskeli, yasikaribie kabisa. Ndani ya koili hushika vumbi na kuwa gundi, na karibu na swichi yenye cheche yanaweza kuwaka.

Swichi nazo zina adabu yake. Vitone vya fedha vya mashine za zamani husafishwa kwa tupa nyembamba, mara mbili tatu, bila kukandamiza. Vya mashine za elektroniki mara nyingi vimepakwa dhahabu nyembamba sana, na hivyo hupitishiwa kadi safi ya karatasi ngumu tu. Fundi asiyejua tofauti hiyo anaweza kuharibu swichi arobaini kwa asubuhi moja, kwa nia njema kabisa.

Siku ya kuisimamisha, mashine isawazishwe kushoto na kulia kwa pima maji, kisha miguu ya nyuma iinuliwe mpaka ubao uwe na mteremko: nyuzi 3.5 hivi kwa za zamani, 6.5 kwa za miaka ya 1990. Ndani, upande wa kushoto, kuna kitu ambacho kila mwashi atakitambua. Ni timazi: kipande cha chuma chenye ncha kinachoning'inia katikati ya pete. Mchezaji akitikisa mashine kupita kiasi, timazi inagusa pete, taa zinazimika na gololi yake imekwenda. Kwa nyumba yenye vijana, timazi ipandishwe kidogo na kubanwa ili isiguse upesi, mpaka sakafu na mkono wa kila mtu vizoeane.

Kabla ya kufunga ubao kuna jambo moja la kutazama. Kwenye mbao za ndani za mashine nyingi za Chicago bado ipo mihuri ya kiwandani: tarehe, namba, herufi za mkaguzi aliyeipitisha. Pembeni huwa na maandishi ya penseli ya mafundi waliofuata, koili ipi ilibadilishwa na mwaka gani. Fundi wa Lubumbashi au wa Kilwa akisuka koili, naye aandike hapo kwa penseli: unene wa waya, idadi ya mizunguko, tarehe. Atakayeuinua ubao huo baada ya miaka ishirini atahitaji namba hizo.